Si Kila Bi Harusi Anayeweweseka Ana Jini

Shoga zetu, sisi washoni wa nguo za harusi tumechoka na neno "karogwa". Binti mzima, ndani ya wiki chache halali, anaropoka, anaanguka kifafa, nanyi mnampeleka kupungwa!

Yapo maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia ubongo. Aina moja, iliyoelezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, huwapata zaidi wanawake vijana, baadhi wakiwa na uvimbe kwenye ovari. Hupimwa damu na maji ya uti wa mgongo. Hutibiwa kwa steroidi, kuchuja damu na kuondoa uvimbe. Wakiwahiwa, wengi hupata nafuu.

Kisomo hatukikatai. Lakini Mtume (s.a.w.) katuamrisha kutafuta dawa. Msomeeni njiani, mkielekea hospitali.