Nusu ya Kuonana

Kama ulisoma bweni unaijua raha ya siku ya barua. Jina lako linaitwa, unapokea bahasha inayonukia poda, pembeni kumechorwa ua kwa kalamu nyekundu, na ndani mambo yanaanza na "dhumuni la barua hii". Wazee wetu walisema barua ni nusu ya kuonana. Mwezi huu nataka tuongelee ile nusu nyingine.

Kuna mchezo wa jukwaani wa Mmarekani A. R. Gurney unaitwa Love Letters, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1988. Mwanamume na mwanamke wanakaa kwenye meza moja, hawatazamani, wanasoma barua walizoandikiana kwa karibu miaka 50. Basi! Hata kukariri hawakariri, ndiyo maana mastaa kibao wameucheza. Huko India uligeuzwa ukaitwa Tumhari Amrita. Shabana Azmi na Farooq Sheikh waliuanza mwaka 1992, wakaucheza kwa zaidi ya miaka 20.

Andy na Melissa wanaanza kuandikiana wakiwa darasa la pili, kisa sherehe ya kuzaliwa. Andy ni mtoto wa nidhamu, kalamu anaipenda kweli kweli. Melissa ni mtundu, yeye bora achore kuliko kuandika. Wanakua. Andy anakuwa mwanasheria, anaoa, anaingia Seneti. Melissa ndoa inamshinda, pombe inamzidi, watoto wake wanakuwa mbali naye. Barua zinaendelea.

Sasa hapa ndipo penyewe. Wakiwa vijana wanajaribu kuwa wapenzi usiku mmoja, mambo yanagoma. Kwenye karatasi wanajuana mno, ana kwa ana wanakuwa kama wageni! Melissa anazilaumu barua, Andy anazitetea. Wanakuja kupendana waziwazi wakiwa watu wazima, lakini mwenzetu ana mke, tena uchaguzi unamkabili, basi anarudi nyuma. Melissa anaporomoka, anafariki. Na ile barua ya kusema jinsi alivyompenda maisha yake yote, Andy anamwandikia nani? Mama yake Melissa.

Nilipomaliza kuusoma nilimkumbuka shoga yangu wa tangu kidato cha kwanza. Tunachati kila siku. Mambo? Poa. Vikatuni vya kucheka, picha za vitenge, usiku mwema. Mwaka jana, kwenye kitchen party ya mtu mwingine kabisa, nikasikia kwamba ndoa yake ilivunjika miezi saba nyuma. Miezi saba! Na siku zote hizo nilikuwa najibiwa "poa".

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi. Tulikaa jikoni kwake mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akanijibu taratibu, "Shoga, hukuniuliza. Ulinitumia kikatuni." Nilikosa pa kuficha uso.

Sisemi tuache kuandikiana, la hasha. Andy na Melissa wasingekuwa na kitu bila zile barua. Ila meseji inakupa nafasi ya kuchagua nini kionekane. Sauti ikitetemeka haionekani, macho yaliyovimba hayaonekani. Na nyie wawili mnaoulizana "umekula?" tangu asubuhi, halafu jioni kila mtu anainamia simu yake upande wake wa kochi, mjiangalie pia. Mtu anaweza kuwa jirani yako kitandani na bado ukawa unaishi naye kwa maandishi tu.

Basi mwezi huu chagua mtu mmoja. Yule ambaye siku zote anakujibu "poa". Mfuate, kaa naye, mtazame usoni, umwambie neno ambalo usingependa kuja kumwandikia mama yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tukutane mwezi ujao.