BATI, MBAO NA LENTA: KAMULI TUNAJENGA AU TUNABAHATISHA?

Mtanisamehe kwa ukimya, UE zilinikaba koo. Sasa niko likizo huku kwetu Kamuli, wilaya ya Kyerwa, na badala ya kupumzika nimepewa cheo: msimamizi wa ujenzi wa nyumba ya bibi. Daftari la manunuzi liko mikononi mwangu, ndiyo maana leo nina la kusema.

Tuanze na hesabu ya kimwanachuo. Mwaka 2022 hela yetu ya kujikimu ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, tukashangilia. Huku kwetu mfuko mmoja wa saruji unameza boom ya siku mbili na chenji hairudi. Bado hujagusa nondo, misumari, bati wala mbao.

Kwa nini inakuwa hivi? Wengi wanasema ni roho mbaya ya wenye maduka. Wapo wa hivyo, sikatai, lakini si jibu lote. Viwanda vyetu vikubwa vya saruji viko Wazo Hill, Tanga, Mbeya na Mtwara. Kutoka Dar mpaka Bukoba ni kama kilometa 1,400, halafu mzigo uanze tena safari ya kuja Kyerwa. Kila dizeli inapopanda, sisi wa mwisho wa barabara ndio tunalipa zaidi. Novemba 2020 saruji ilipanda mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ikapandisha mafuta dunia nzima, serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya bilioni 100 kuanzia Juni. Halafu bajeti ya 2023/24 ikaleta ushuru wa shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Ukitumia mifuko 100, laki nzima imekwenda kabla hujaanza kuhesabu VAT.

Mbao nazo zina kisa chake. Mkaratusi uleule mmoja unatafutwa na mpasua mbao, mchoma tofali, mchoma mkaa na anayetaka mirunda ya kujengea. Tena wote tunajenga wakati mmoja: kiangazi, mvua zikikatika na hela ya kahawa ikiingia. Msimu wa 2024 bei ya kahawa ilipanda vizuri kwenye minada, tukafurahi, lakini muuza mbao naye ana masikio. Matokeo yake mti unaangushwa wiki hii, wiki ijayo uko juu ya nyumba ya mtu, mbichi kabisa. Ukikauka unapinda, msumari unalegea, bati linapiga kelele kila upepo ukija.

Sasa hoja yangu yenyewe. Bei ikipanda mtu haachi kujenga, anabana. Na habani kwenye kinachoonekana. Bati la rangi litanunuliwa hata kwa mkopo, maana jirani analiona. Kinachobanwa ni kilichofichika: saruji kwenye udongo wa kujengea, nondo, na zaidi ya vyote lenta. Hata kwenye hilo bati wengi wanapigwa. Wadau kumbukeni, geji ikiwa namba kubwa bati ni jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko 30, na 30 ni nyepesi kuliko 28. Ukiambiwa "hii 32 ni kubwa zaidi", ondoka dukani.

Fundi wetu, mtu mzuri tu na mwenye heshima, alimwambia bibi: "Bibi, lenta ya kuzunguka nyumba nzima ya nini? Tuweke juu ya milango na madirisha, hela inayobaki tuongeze bati." Ndugu wengi waliokuwepo wakaitikia. Mimi nikakataa, na sababu yangu ina tarehe: Jumamosi, 10 Septemba 2016.

Siku ile tetemeko la 5.9 liliupiga mkoa wetu. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakaumia, maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika mpaka zikafungwa ili zijengwe upya. Ardhi ikitikisika, ukuta wa tofali usiofungwa hufunguka kwenye kona. Lenta inayozunguka nyumba nzima inazishika kuta kama kamba inavyoshika mzigo wa kuni. Ukiikata vipande juu ya milango tu, ni kuni zisizofungwa.

Kuna wanaosema mbona wazee waliishi kwenye msonge bila saruji. Ni kweli, lakini msonge ulikuwa miti na nyasi, mwepesi. Sisi tumepandisha tofali nzito tukaacha kuzifunga. Hapo hatujafuata wazee wala wazungu.

Basi tukabishana siku mbili, tukapunguza chumba kimoja. Viwili vyenye lenta kamili sasa, cha tatu msimu ujao wa kahawa. Bibi hakufurahi, alitaka wajukuu wote tulale kwake. Hata mimi iliniuma. Lakini chumba kinaweza kuongezwa baadaye, lenta huwezi kuichomeka chini ya paa.

Kwa wakubwa: ile 1,000 kwa mfuko iangalieni upya, hasa kwa mikoa ya mbali kama wetu iliyokwishaonja tetemeko. Halmashauri nayo inayochukua ushuru wa mbao irudishe kidogo kwenye miche. Kwa sisi wa kawaida: nunua mbao msimu mmoja kabla, zipange kivulini zikauke. Jaribu tofali za kufungamana, ambazo wakala wa utafiti wa nyumba bora (NHBRA) umekuwa ukizihimiza kwa miaka mingi. Hazichomwi, kwa hiyo kuni zinabaki msituni.

Na nyie wenzangu mnaosoma uhandisi pale CoET na ujenzi pale Ardhi: likizo hii rudini vijijini, simameni kwenye saiti moja tu ya jirani. Fundi hahitaji kufokewa, anahitaji mtu wa kumwelezea mwenye nyumba kwa nini nondo si anasa. Usingojee mpaka uitwe injinia.

Nawasilisha.