Atakuja au Hatakuja? Redio ya Masafa Mafupi na Ushahidi wa Msomi wa Kiswahili

Tofauti kati ya "waziri atakuja" na "waziri hatakuja" ni sauti moja tu, [h], ambayo ni miongoni mwa konsonanti dhaifu mno katika lugha yetu. Sauti hiyo ikimezwa na kelele za hewani, kanusho hugeuka ahadi. Msomi anayetumia matangazo ya redio kama data hana budi basi kujiuliza: je, neno nililolisikia ni la mtangazaji au ni la redio yangu? Makala haya yanashikilia kwamba jibu hutegemea kwa kiasi kikubwa mbinu ambayo kipokezi hutumia kulitoa neno ndani ya wimbi, yaani mbinu ya ugunduzi, na kwamba ni wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili kuzijua mbinu hizo na kuzitaja katika kazi zetu.

Huenda wapo watakaosema kuwa suala hili ni la wahandisi. Dai hilo halina mashiko. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Redio Peking mwaka 1961 na ya Deutsche Welle mwaka 1963. Kwa miongo mingi Kiswahili cha idhaa kama hizo kilitufikia kwa masafa mafupi, yaani kati ya megahezi 3 na 30. Yeyote aliyeyarekodi matangazo hayo nyumbani aliyarekodi jinsi redio yake ilivyoyatoa. Kanda hizo zikiingia katika utafiti leo, kipokezi nacho huingia pamoja nazo kama shahidi wa pili, hata asipotajwa.

Tuanze na wimbi lenyewe. Tangazo la AM lina sehemu tatu: wimbi chukuzi katikati na kanda mbili za pembeni, moja juu na moja chini. Wimbi chukuzi halibebi neno lolote, ijapokuwa humeza angalau theluthi mbili za nguvu zote. Neno limo katika kanda za pembeni, na kila ukanda hubeba ujumbe mzima. Mawimbi haya huakisiwa na tabaka la ionosfia na kumfikia msikilizaji kwa njia zaidi ya moja. Kwa kuwa njia hizo hazilingani kwa urefu, baadhi ya masafa hufutana huku majirani zao wakisalia. Huku ndiko kufifia kwa kuchagua, na ndiko hutenganisha kipokezi kizuri na kibaya.

Mbinu ya kwanza ya ugunduzi ni ya dayodi. Kifaa hiki huruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kisha kapasita hulainisha mipigo inayosalia. Kinachopatikana ni umbo la nje la wimbi, yaani mchoro wa vilele vyake, na umbo hilo ndilo sauti. Mbinu hii ni rahisi na nafuu, ndiyo maana ilienea katika redio ndogo za transista. Mawimbi yakiwa na nguvu na utulivu, haina kasoro ya kumsumbua msikilizaji. Tatizo ni kwamba dayodi hulitegemea wimbi chukuzi jinsi lilivyofika. Kufifia kukiliangukia wimbi hilo na kuziacha kanda za pembeni, vilele hujikunja, na umbo la nje halifanani tena na sauti iliyotamkwa studioni. Sauti hukwaruza hata ingawa iko juu. Fauka ya hayo, mawimbi yakiwa dhaifu kuliko kelele, dayodi huvichanganya viwili hivyo kiasi kwamba sikio haliwezi kuvitenganisha tena.

Mbinu ya pili ni ya kuzidisha. Kipokezi huzalisha wimbi lake chenyewe na kulizidisha na mawimbi yaliyofika. Mbinu hii ilikusudiwa mawasiliano ya ukanda mmoja, yasiyorusha wimbi chukuzi, kama yale ya wapenzi wa redio na ya vyombo vya baharini. Hata hivyo, msikilizaji aweza kuitumia kwa tangazo la AM: hulipuuza wimbi chukuzi linaloyumba na kuchagua ukanda usioingiliwa na kituo jirani. Neno husikika vyema. Gharama yake ni kwamba urekebishaji hufanywa kwa mkono. Ukikosea kwa hezi 30, kila kijenzi cha sauti husogea kwa hezi 30. Sauti ya mtu yenye kimo cha hezi 120, ambayo vijenzi vyake vya juu ni 240 na 360, hutoka ikiwa 150, 270 na 390. Uwiano wa asili umevunjika. Kwa anayetaka kujua tu yaliyosemwa, hilo ni dogo. Kwa anayechunguza kiimbo, ambacho ndicho pekee hutofautisha "Amefika" na "Amefika?", vipimo vya kimo vimekwisha haribika kabla hajaanza kuhesabu.

Mbinu ya tatu ni ugunduzi sawia, uliofafanuliwa na John Costas katika makala yake ya mwaka 1956. Hapa pia kipokezi huzalisha wimbi lake, ila hulifunga kwa wimbi chukuzi linalofika ili mawili hayo yaende sawia bila mkono wa mtu. Wimbi chukuzi la hewani likififia kwa muda, la ndani husimama mahali pake. Uwiano wa sauti hudumu, na vipokezi vingi vya aina hii humwezesha mtu kuchagua ukanda mmoja. Katikati ya miaka ya 1980 mbinu hii ilipatikana katika redio ya kubebeka, Sony ICF-2010. Nayo ina ila yake: wimbi chukuzi likizama mno, kifungo hukatika na mluzi husikika hadi kifungwe tena.

Kwa maoni yangu, ugunduzi sawia ndio bora kwa data ya matamshi na kiimbo. Wa kuzidisha hufaa kwa maudhui. Wa dayodi hutosha pale tu mawimbi yanapokuwa imara. Lakini nisieleweke kuwa nawahimiza wanafunzi wanunue redio za bei ghali. Leo vipo vipokezi vya programu vinavyohifadhi wimbi lenyewe kwenye kompyuta kabla ya ugunduzi. Sekunde ile ile ya tangazo yaweza kupitishwa katika mbinu zote tatu na matokeo yakalinganishwa.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mhakiki wa tendi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu hategemei nakala moja akiwa nazo tatu. Anajua kwamba nukta moja iliyofutika hubadili herufi, na kwamba mwandishi wa zamani aliweza kuiandika [p] na [b] kwa herufi moja. Hulinganisha, huchagua, kisha humwambia msomaji kwa nini amechagua. Kwa nini basi tuwe waangalifu kwa wino na wazembe kwa sauti?

Ifahamike pia kwamba hakuna kigunduzi kinachorejesha kilichokatwa na mrushaji. Vituo vya masafa mafupi hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 5, hivyo sauti zilizo juu ya takribani kilohezi 4.5 kwa kawaida hazifiki. Sehemu kubwa ya nguvu ya [s] imo juu ya mpaka huo. Kwa hiyo jozi kama "thamani" na "samani", au "fumbua" na "sumbua", hukaribiana mno redioni. Atakayedai kwa ushahidi wa kanda hizi pekee kuwa mtangazaji fulani hutamka [th] kama [s] atakuwa amemhukumu mtu kwa kosa la mtambo.

Napendekeza kwamba kila tasnifu inayotumia rekodi za masafa mafupi itaje, katika sura ya mbinu za utafiti, aina ya kipokezi, mbinu ya ugunduzi, ukanda uliochaguliwa, masafa, tarehe na saa. Pale ambapo kanda ni kongwe na habari hizo hazijulikani, na isemwe hivyo waziwazi. Ni mistari mitatu tu ya maandishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bila mistari hiyo, mtahini akiuliza kama mtangazaji alisema "atakuja" au "hatakuja", hatutakuwa na la kumjibu ila kwamba redio ndiyo iliyosema.