Acheni kuisingizia fyuzi

Wadau, leo nawagusa wenye magari ya muziki mnene hapa Makorora. Najua mtanuna. Nuneni tu.

Hivi nani alitufundisha kwamba amplifaya ikikata fyuzi ya ampea 30, dawa yake ni fyuzi ya 40? Na hiyo ikikata, kipande cha waya? Nahisi tabia hii tumeitoa nyumbani, kwenye zile fyuzi za kauri za zamani, ambazo mwenye nyumba alizifunga waya wowote alioukuta uani. Lakini ukutani angalau hakuna petroli.

Jamaa yangu mmoja ana IST. Amplifaya yake ilikata fyuzi tatu ndani ya wiki moja. Fundi wa kwanza akatoa ile ya kijani ya 30, akachomeka ya rangi ya chungwa ya 40, akachukua elfu tano yake, muziki ukalia. Siku ya pili zulia la gari likaanza kunuka. Kulifunua, waya unaotoka kwenye betri umelainika ganda lote. Ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, saizi ya soketi za nyumbani. Tukaukwangua kwa kisu: ndani mweupe! Alumini iliyopakwa shaba, nayo hubeba umeme kidogo kuliko shaba yenyewe. Kiti kilicho juu yake hukaa mdogo wake wa darasa la pili.

Sasa tuelewane. Kazi kubwa ya fyuzi ni kulinda waya, ndiyo maana inatakiwa iwepo nyingine karibu na betri, isizidi kama sentimita 45. (Kwenye IST ile haikuwepo kabisa.) Betri ya gari, hata hiyo ndogo, ikipigwa shoti inatema mamia ya ampea. Lazima kitu kiungue. Ukikataa isiwe fyuzi ya bei ya soda, utakuwa waya, na waya hauungui peke yake.

Fundi wa pili ni mtu mzima, hana haraka. Akachomoa spika zote, akarudisha fyuzi ya 30, akawasha. Haikukata. Ingekata hata bila spika, angejua kuna transista zilizokufa ndani, au chanya na hasi zimegeuzwa. Akarudisha sabufa moja, ikalia vizuri. Ya pili ilipoingia na sauti kupanda, fyuzi ikaenda. Akapima: omu 2, wakati amplifaya ile kwa ilivyofungwa haitaki chini ya 4. Mtu alikuwa ameziunganisha sabufa mbili za omu 4 sambamba, kwa hiyo mashine ikawa inavuta umeme kuliko uwezo wake. Mzee akaziunganisha kwa kufuatana, zikawa 8. Akatandika waya mnene wa shaba alionunua jamaa, akaweka fyuzi kwenye betri, akakwangua rangi pale earth inapofungwa, maana chumvi ya bahari yetu hii haiachi bolti salama. Kwisha.

Basi jamaa yangu, mtu na digrii yake, akauliza: "Mzee, kwani umebadilisha kifaa gani mpaka nikulipe elfu kumi na tano?"

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Fundi wa kwanza alilipwa bila swali kwa sababu alitoa kitu mfukoni. Tunalipia kinachoshikika, akili ya mtu tunaitaka bure, halafu tunashangaa mafundi wa kupima wanapungua na wauza fyuzi wanaongezeka!

Na wauzaji nao. Boksi limeandikwa wati 2000, ubavuni mna fyuzi moja ya 30. Zidisha mwenyewe: volti 14 mara ampea 30 ni wati 420, na sehemu yake inapotea kama joto. Hizo nyingine zinatoka wapi, Amboni mapangoni?

Kupenda muziki si dhambi, huu ni mji wa Atomic Jazz na Black Star. Lakini kuna Hiace zinabeba abiria zikiwa na sabufa chini ya kiti cha nyuma. Mimi siku hizi nikipanda namuuliza konda: fyuzi yenu ya ampea ngapi? Wananicheka. Mmoja tu ndiye aliyekwenda kuangalia, akarudi kimya, akazima muziki.