Maji Huzaliwa Juu, Hunywewa Chini



Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi, akikaribia Ndanda, huona mkono wake wa kushoto ukuta mrefu wa kijani uliosimama juu ya bonde la Lukuledi. Wageni huuita mlima. Sisi wenyeji twajua kwamba huo si mlima wenye kilele, bali ni ukingo wa Uwanda wa Makonde, nchi pana iliyoinuka, ambayo huanza kupanda polepole kutoka upande wa pwani ya Mtwara na kuendelea kupanda kuelekea magharibi, hata kupita mita 700 juu ya usawa wa bahari huko Newala. Kisha hukatika ghafla kama ukingo wa meza. Kusini yake hutiririka mto Ruvuma, kaskazini yake Lukuledi. Pale Newala mahali inapokatika huitwa Shimo la Mungu, na asimamaye hapo huona nyika za chini zikienea hata upeo wa macho.

Uwanda huu hutajwa kwa uzuri wake, kwa vinyago vyake na kwa korosho zake. Ni mara chache mno hutajwa tunapozungumza juu ya haki. Hoja yangu katika makala haya ni moja tu: sisi tunaoishi chini ya ukingo huu tuna deni kwa wanaoishi juu yake, na deni hilo ni la haki, wala si la hisani.

Jinsi maji yanavyozaliwa

Juu ya uwanda hakuna mto wala ziwa. Udongo wake ni mchanga mwekundu uliolala juu ya miamba laini ya mchanga. Mvua hunyesha katika msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei, nayo si haba: hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka. Lakini maji hayo hayakai. Mchanga huyanywa mara moja, yakashuka chini kwa chini polepole, hata yakutane na tabaka lisilopitisha maji. Hapo hutafuta njia ya kutokea ubavuni, penye mteremko. Ndiyo sababu chemchemi zetu zi chini ya ukingo, na ndiyo sababu Ndanda ina maji.

Basi chemchemi si mwanzo wa maji bali ni mlango wake tu. Mwanzo wake uko juu, katika mashamba na vichaka vya watu ambao aghalabu hawayaoni tena. Vichaka vile vizito, ambavyo mpita njia huviona kama pori lisilo na kazi, huvunja nguvu ya matone, hutandika majani makavu juu ya mchanga, na mizizi yake hufungua njia ya maji kuingia ardhini. Penye ardhi tupu iliyoshindiliwa na miguu, magari na moto wa kila mwaka, mvua haiingii bali hukimbia, ikachimba makorongo na kupeleka mchanga bondeni.

Sasa tazameni fumbo la uwanda huu. Mvua huanguka bure juu ya shamba la mama wa Newala. Hushuka, humpita, hutokea chini. Tangu zamani mama huyo amelazimika kuteremka mlima na ndoo tupu na kuupanda na ndoo kichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mpango wa maji wa Makonde, na tangu miaka ya 1970 Serikali ya Finland ikasaidia kwa muda mrefu miradi ya maji ya Mtwara na Lindi; maji yakawa yakivutwa kwa mashine kutoka visima vya bondeni, kama vile vya Mitema katika bonde la Kitangari, na kusukumwa juu kwa gharama kubwa. Mashine ikiharibika, au umeme ukikosekana, mama hurudi kwenye kisima cha kuvunia maji ya mvua, au kwenye dumu la kununua. Maji yaleyale aliyopewa na Mungu bure humrudia kwa bei. Sisi wa chini twafungua bomba.

Kwa nini walikaa juu

Huenda mtu akauliza: mbona wazee hao hawakujenga karibu na maji? Swali hili lina jibu katika urithi wao. Hadithi ya asili ya Wamakonde, iliyoandikwa na wageni waliofika huku mwanzoni mwa karne ya 20, akiwamo Karl Weule aliyekaa Newala mwaka 1906, yasimulia juu ya mtu aliyekuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, nayo ikawa mwanamke mwenye uhai. Watoto wao wawili wa kwanza, waliozaliwa karibu na maji, hawakuishi. Wa tatu alizaliwa juu, upande wa Mahuta, akaishi. Tangu hapo ikawa amri ya wazee kwamba watu wasikae mabondeni.

Tusiicheke hadithi hiyo. Bonde lenye maji lilikuwa na mbu wa malaria. Tena lilikuwa njia ya misafara ya watumwa na ya mashambulizi. Masasi, mahali ambapo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA chini ya Askofu Edward Steere waliwaweka watumwa waliokombolewa mwaka 1876, palishambuliwa na Magwangwara mwaka 1882. Wakati huo vichaka vya uwanda vilikuwa boma. Adui hakuweza kupenya ila kwa njia nyembamba zilizojulikana na wenyeji. Kwa hiyo watu walichagua kiu pamoja na uhai kuliko maji pamoja na minyororo. Kichaka ambacho leo twakifyeka kwa siku moja kiliwahifadhi babu na bibi za watu wengi walio hai leo.

Urithi huu haumo katika vinyago peke yake. Umo katika sehemu za jando na unyago, katika makaburi ya wazee, katika dawa za miti, na katika maarifa ya kuishi penye mchanga bila mto. Mgeni hununua kinyago cha mpingo akadhani ameubeba utamaduni wa Mmakonde mkononi. Lakini mpingo wenyewe huhitaji miaka 70 na zaidi hata ufae kukatwa, na mchongaji asiye na mti hana la kurithisha ila patasi.

Ardhi ikidharauliwa hujibu

Eneo letu limekwisha kupata funzo la wazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta Mpango wa Karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake. Misitu ilisukumwa kwa matrekta, reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikachimbwa. Mpango ulianza mwaka 1947 na ukavunjwa mwaka 1951, baada ya kupoteza paundi zipatazo milioni 36. Hata reli yenyewe iliondolewa katika miaka ya 1960. Walikuwa na fedha na mashine. Walichokosa ni subira ya kuujua udongo na mvua, na unyenyekevu wa kuwauliza wenyeji.

Funzo la pili ni korosho. Mti huu uliletwa na Wareno kutoka Brazil, ukapatana na mchanga wetu. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Kisha watu walihamishiwa katika vijiji, mikorosho ikaachwa mbali na wenyewe. Bei ikawa duni, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Kufikia mwaka 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Baadaye salfa na utafiti wa Naliendele viliufufua mti huo, hata msimu wa 2017/18 mavuno yakapita tani 300,000. Tumshukuru Mungu kwa hayo, maana korosho imejenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini kila bei inapopanda, panga nalo hupanda. Vichaka vinafyekwa ili kupanua mashamba, na majani chini ya mikorosho yanafagiliwa na kuchomwa ili korosho zionekane zikianguka. Mkorosho ni mti, nao unaweza kuilinda ardhi. Ardhi tupu chini yake haiwezi.

Nani amlipe nani?

Watu wengi wa huku chini husema: hao wa juu wanaharibu vyanzo vya maji, wakatazwe. Maneno hayo yana ukweli nusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na mabwawa. Ni sheria njema. Lakini mita 60 zitafaa nini mahali ambapo chanzo cha maji ni uwanda mzima? Tukitaka kulinda maji yetu kwa katazo tu, itatubidi tumkataze mkulima wa Newala na wa Tandahimba kulima kwake, ili sisi tuoge kwetu. Hiyo siyo haki. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono walionywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yaliyobaki, wenzao wakanywa matope. Nasi tujihadhari tusiwe wanono wa aina nyingine: wanaokunywa safi, kisha wakamlaumu mwenye kiu.

Mwingine atasema: maji ni ya Mungu, hayana mwenyewe, basi deni latoka wapi? Ni kweli kwamba maji ni ya Mungu, na kwa sababu hiyohiyo hakuna awezaye kuyafaidi peke yake na kumwachia mwenzake kazi ya kuyatunza. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Hapa kwetu vilio hivyo hutoka mahali pamoja, juu ya ukingo.

Wala jambo hili si ndoto. Katika milima ya Uluguru, wakulima wa sehemu za juu za mto Ruvu waliwahi kulipwa na watumiaji wa maji wa chini ili watumie kilimo kinachohifadhi udongo. Mexico, nchi yenye milima mingi na wakulima maskini wengi, tangu mwaka 2003 Serikali inawalipa wenye misitu inayolisha vyanzo vya maji. Karibu nasi, vijiji vya Kilwa vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu yao, vikauza mpingo wao wenyewe kwa faida ya kijiji. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Anayeambiwa aache kichaka kisimame lazima aone kichaka hicho kikimletea kitu.

Yatupasayo kutenda

Kwanza, tuanze nyumbani mwa Kanisa. Utume wa Ndanda ulianzishwa mwaka 1906, baada ya vituo vya Lukuledi na Nyangao kuchomwa katika Vita vya Maji Maji, na kwa zaidi ya miaka 100 hospitali, shule, karakana na bustani zimeishi kwa maji ya ukingo huu. Ni vema taasisi zetu ziwe za kwanza kutenga sehemu ya fedha kila mwaka kwa ajili ya vijiji vya juu: kwa matangi ya kuvuna maji ya mvua, kwa vitalu vya miche ya asili, na kwa walinzi wa moto watakaochaguliwa na vijiji vyenyewe.

Pili, halmashauri za Masasi, Newala na Tandahimba zikae meza moja. Mipaka ya wilaya haizuii maji kupita chini ya ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu kuundwa kwa jumuiya za watumia maji. Jumuiya hizo ziwe na viti vya watu wa juu sawasawa na wa chini, na wanawake wawe wengi, kwa kuwa wao ndio wabebao ndoo.

Tatu, vijiji vitumie Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kutenga misitu yao, wakianza na vichaka vya ukingoni, sehemu za jando na makaburi ya wazee. Mahali panapoheshimiwa na mila hulindwa vizuri kuliko panapolindwa na faini.

Nne, mkulima wa korosho apalilie na kupogoa mikorosho mizee kabla ya kufyeka pori jipya, na majani ayaache yaoze chini ya mti.

Mnywa maji kwa mkono mmoja, kiu yake i palepale. Mkono mmoja ni wa juu, mwingine ni wa chini. Visipokutana, chemchemi za Ndanda zitapungua polepole, na siku hiyo hakutakuwa na wa kumlaumu ila sisi tuliozihesabu kuwa zetu.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Maji tunayokunywa katika jumuiya yetu yanatoka wapi, na mvua yake huanguka katika mashamba ya nani?

2. Someni Ezekieli 34:17-22. Je, ni nani kati yetu anayekunywa safi, na ni nani anayeachiwa matope?

3. Ni jambo gani moja ambalo jumuiya yetu inaweza kufanya kabla ya mvua zijazo, pamoja na jumuiya ya juu au ya chini ya ukingo?