Kuanzia siku ya 85, mtoto ni wa nani?

Makamanda, leo sitaandika kuhusu tume ya uchaguzi wala Katiba Mpya. Nataka tuongee kuhusu mama mmoja na binti yake wa miaka mitatu. Na wewe unayetaka kufunga ukurasa ukisema haya tuwaachie akina mama wa chama, hebu subiri kidogo. Humu ndani ni wangapi tumelelewa chini ya meza ya biashara? Tuko wengi, tena wengine leo ndio tunaoshika kipaza sauti kwenye mikutano.

Nianze na sheria, maana ndiyo ninayosoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Akijifungua zaidi ya mtoto mmoja anapata siku 100. Mabadiliko ya mwaka 2025 yamemwongezea muda aliyejifungua mtoto njiti, na hilo ni jambo jema, tusione aibu kulisema. Baba anapewa angalau siku tatu. Ndiyo, tatu. Mama akirudi kazini anaruhusiwa kutoka kwenda kunyonyesha, jumla isiyozidi masaa mawili kwa siku.

Sasa chukua mama anayefanya kazi Posta na anakaa Chanika. Kwa foleni ya Dar es Salaam, masaa mawili yatamfikisha kwa mtoto au yatamrudisha kazini, hayawezi yote mawili. Aliyeandika kifungu kile nadhani alikuwa anakaa karibu na ofisi.

Halafu piga hesabu. Siku 84 zimeisha. Darasa la awali la serikali litampokea mtoto akiwa na kama miaka mitano. Kuanzia siku ya 85 mpaka hapo mtoto anakaa wapi, na nani, kwa gharama ya nani? Ukipekua sheria zetu utakuta wajibu wa mzazi, utakuta masharti ya kusajili kituo cha kulelea watoto mchana, utakuta na adhabu. Huwezi kukuta mahali pameandikwa kwamba mtoto wa mfanyakazi wa kawaida ana nafasi yake pale asubuhi mama yake anapokwenda kutafuta. Na hapo bado tunamzungumzia mwajiriwa. Mama ntilie, muuza mboga, msusi, muuza mitumba, hao hata siku ya kwanza hawamo.

Dada yangu amepita pande zote mbili. Alikuwa anauza kwenye duka moja Kariakoo, mkataba wa mdomo, mshahara wa kupewa mkononi. Alipojifungua, mwezi wa pili haujaisha bosi akapiga simu: urudi Jumatatu au niweke mtu mwingine. Hakurudi, akawekwa mtu mwingine. Kisheria alikuwa mwajiriwa kabisa. Kutokuwa na karatasi hakumwondolei haki, na mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa maelezo ya kazi kwa maandishi. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Nilimweleza yote hayo. Alikuwa ananyonyesha, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Mdogo wangu, siku ya kwenda huko mtoto namwachia nani?"

Siku 30 zikapita. Sasa hivi ana meza ya chai na chapati Buguruni.

Ratiba yake naijua kwa sababu naishi naye. Saa kumi usiku anakanda unga. Saa kumi na moja na nusu tunatoka, yeye na mtoto mgongoni na beseni kichwani, mimi na jiko na ndoo ya maji. Namsaidia kuwasha moto halafu nakimbilia daladala kwenda chuo. Wateja wake wa kwanza ni bodaboda na makonda. Mpaka saa tatu asubuhi hana muda hata wa kujikuna.

Na mtoto? Dada ana kanga moja kuukuu. Ncha moja imefungwa kwenye mguu wa meza, nyingine kiunoni kwa mtoto. Urefu wake ameupima. Inamfikisha kwenye ndoo yake ya kukalia, inamfikisha kwa mama wa mboga aliye jirani, haimfikishi kwenye jiko na haimfikishi barabarani. Nimeona wapita njia wakimwangalia dada kwa jicho baya. Mmoja alimwambia anamfunga mtoto kama mbuzi. Dada akamuuliza kama anaweza kumshikia mtoto hadi saa tano, yule mama akaondoka.

Lakini msimwonee huruma tu, maana hawa wawili pia wana raha zao. Wateja wakipungua, kwenye saa nne hivi, dada anamfungua, anampakata katikati ya magoti na kumsuka, huku wanahesabu chapati zilizobaki. Mtoto anafika kumi, ila saba anairuka kila siku. Watu wote kawapa majina ya oda zao: kuna Chapati Tatu, kuna Chai Bila Sukari, kuna Maharage Mengi. Chapati Tatu asipotokea siku mbili, binti anauliza kapatwa na nini. Ukimsikia anavyoita "karibu chai" unacheka mwenyewe. Watu wanamsifu eti mjanja, atakuwa mfanyabiashara huyu.

Mimi sifa hiyo inanikera kidogo. Mtoto wa miaka mitatu hajachagua biashara. Amekaa pale kwa sababu hakuna pengine pa kukaa, na pale pana mafuta ya moto, moshi wa mkaa na pikipiki zinazopanda mpaka juu ya njia ya waenda kwa miguu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inataja haki zake: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, uhuru, na haki ya kucheza na kupumzika. Kucheza kumeandikwa kabisa. Anayekiuka wajibu uliowekwa kwenye sehemu ile ya sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote.

Yaani afisa akiamka vibaya siku moja akaamua kusimamia sheria pale Buguruni, wa kwanza kukamatwa ni dada na kanga yake. Milioni tano kwa mtu anayeuza chapati. Serikali ambayo haijawahi kumwekea huyo mtoto hata kijumba cha kukaa inayo tayari faini ya mama yake. Hapo ndipo mimi nagombana na wenzangu darasani wanaosema sheria zetu za watoto ni nzuri, shida ni utekelezaji tu. Sheria inayojua kuadhibu na haijui kusaidia ina kasoro tangu kwenye uandishi.

Tena sheria hiyohiyo, kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Muulize diwani wako mara ya mwisho kifungu hicho kilisomwa lini kwenye baraza.

Wengine watasema mbona kuna njia nyingine. Zipo, ngoja tuziangalie. Ya kwanza ni kumpeleka mtoto kwa bibi kijijini, umwone Krismasi. Ya pili ni kutafuta binti wa kazi. Kwa kipato cha chapati, binti unayemmudu ni wa miaka kumi na tatu au kumi na nne aliyetakiwa kuwa shule, kwa hiyo umemwokoa wako kwa kumpoteza wa mwenzako. Ya tatu ni kituo cha mtaani. Jirani yetu mmoja anachukua watoto kwa 1,500 kwa siku, ukiwa na uji wako. Chumba kimoja, mkeka mmoja, watoto kumi na mbili siku niliyokwenda, mlezi peke yake. Hajasajiliwa na hana mpango wa kusajiliwa, maana akisoma masharti anaona ni ya mtu mwenye jengo na uzio. Watu wa ustawi wakija pale watafunga kwa kufuli, na kesho yake watoto kumi na mbili watarudi chini ya meza. Mimi naona mama yule anahitaji mlezi wa pili, choo cha watoto na mafunzo ya wiki mbili. Kufuli haina msaada wowote hapo.

Baba wa mtoto yupo, mkiuliza. Hutuma hela anapojisikia. Dada anaweza kuomba matunzo mahakamani chini ya Sheria ya Mtoto, na namshawishi afanye hivyo. Ila hata amri ikitoka, hela ya matunzo haikai na mtoto saa kumi na moja asubuhi.

Sasa tuje kwenye pesa, maana jibu la watawala huwa ni bajeti hakuna. Mama huyu analipa. Analipa ushuru wa eneo, analipa usafi. Mwaka 2018 serikali ilipoleta vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, watu kama yeye ndio walionunua. Na tangu mwaka huohuo sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo ikasimamishwa kwa sababu ya madudu yaliyokuwemo, mwaka uliofuata ikarudi na utaratibu mpya. Sawa. Lakini mkopo unamwongezea mama mtaji, haumwongezei mikono. Mtoto akipata homa meza haifunguliwi siku tatu, na rejesho liko palepale. Nimeona vikundi vikivunjika kwa ugomvi wa marejesho ambao ukiuchimba mzizi wake ni mtoto aliyeugua.

Jambo hili wenzetu wamelifanya, tena kwa watu maskini. India mwaka 2005 walitunga sheria ya kuwahakikishia watu wa vijijini kazi za umma, kuchimba mitaro, kutengeneza barabara. Ndani yake wakaweka kwamba wanawake wakija kazini na watoto wa chini ya miaka sita wanaofika watano au zaidi, mmoja wa wale wanawake apangiwe kazi ya kuwaangalia watoto na alipwe ujira. Hawakusubiri majengo wala wafadhili. Walikubali tu kwamba kulea watoto wa wenzako ni kazi, na kazi hulipwa.

Pale Buguruni, kwa haraka niliyohesabu asubuhi moja, wanawake wenye watoto wadogo mezani walikuwa tisa. Chumba kimoja na walezi wawili vingewatosha. Hakuna anayeomba ghorofa.

Kuna hoja ninayoisikia hata kwa vijana wetu, kwamba malezi ni ya familia, serikali ikae mbali. Ni ya familia, kweli. Na maji ya kunywa ni ya familia, lakini tunapiga kelele bomba lifike. Familia zenyewe zimebadilika. Bibi yuko Mbeya, shangazi naye ana meza yake Temeke, mimi nina mitihani. Anayesema familia ilee, awe tayari kutaja ni nani katika familia aache kazi. Huwa hawataji, lakini tunajua wanamaanisha nani.

Na sisi wenyewe, kabla hatujamnyooshea kidole mtu. Vikao vyetu vya vijana vya kata vinaitwa saa kumi na mbili jioni, vinaanza saa moja na nusu, vinaisha saa nne usiku. Halafu Katibu anauliza mbona kina dada hawagombei nafasi. Dada yangu ana kadi ya chama, analipa ada, ana akili ya siasa kuliko nusu ya wanaonisoma hapa, samahanini. Hajahudhuria kikao hata kimoja tangu ajifungue. Mara moja alijaribu na mtoto, mtoto akalia, mwenyekiti akasema "mama, msaidie mtoto nje". Alitoka na hajarudi. Ningependa kusikia tawi hata moja linaloweka vikao Jumapili mchana, na kijana mmoja wa kiume akipangiwa zamu ya kukaa na watoto. Wa kiume, ndiyo.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye mkutano wa mtaa, baada ya kusomewa mapato na matumizi, nikauliza ushuru wa pale barabarani unarudi vipi kwa wanaoulipa, na kama kile chumba cha ofisi ya zamani kilichojaa mabati mabovu kinaweza kuwa cha watoto. Kuna wanaume walicheka. Wanawake hawakucheka. Mwenyekiti akasema wazo si baya ila nilete kwa maandishi.

Barua nimeiandika, ni kurasa mbili. Imetaja kifungu cha 8 na cha 94, imeomba chumba, choo, maji na posho ya walezi wawili kutoka kwenye ushuru huohuo, na imeomba ustawi wa jamii waje kumfundisha yule jirani yetu badala ya kumfungia. Wanawake wanane wa pale wameshasaini, wa tisa anamsubiri mume wake arudi safari. Naipeleka Jumatano. Nakala nitaiweka hapahapa, badilisha jina la mtaa na idadi ya watoto uliowahesabu mwenyewe, usinakili tisa yangu. Ukishagongewa muhuri wa kupokelewa, piga picha uniletee.