Kujipima kwa simu Kibati: Mgonjwa akisema "shida", nani atajibu?

Simu ya mkononi sasa inaweza kumpima mtu anayeishi na ugonjwa wa maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, bila yeye kutoka nyumbani. Lakini mahali kama Kibati, kaskazini mwa Goma, kipimo hicho kitasaidia tu ikiwa yuko mtu wa kukisoma na kuchukua hatua.

MS, ambayo madaktari waliosoma kwa Kifaransa huiita SEP, hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa hupata ganzi, uchovu mkali, uoni hafifu au miguu kukosa nguvu. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Dalili huja na kuondoka, hivyo daktari anayemwona mgonjwa mara mbili kwa mwaka hukosa mengi.

Ndiyo sababu zilibuniwa programu kama Floodlight ya kampuni ya Roche ya Uswisi. Mgonjwa hutembea dakika mbili akiwa na simu mfukoni, hugeuka mara kadhaa, kisha hufinya picha za nyanya kwenye skrini ili kupima wepesi wa vidole. Matokeo huonyesha kama hali inabadilika kati ya ziara moja ya hospitali na nyingine.

Hata hivyo, programu hizo zinamhudumia mtu ambaye tayari anajua anaumwa nini. Kuthibitisha MS kwa kawaida huhitaji kipimo cha MRI na mtaalamu wa neva. Takwimu za Shirika la Afya Duniani, WHO, za mwaka 2017 zilionyesha kuwa nchi za kipato cha chini zina wastani wa mtaalamu 0.1 wa magonjwa ya neva kwa kila watu 100,000, ikilinganishwa na 7.1 katika nchi tajiri. Anayeanza kuburuta mguu Kibati anaweza kukaa miaka mingi bila kujua jina la ugonjwa wake.

Mazingira nayo yana uzito. Kibati iko katika wilaya ya Nyiragongo, chini ya volkano yenye jina hilo, kando ya barabara ya RN2 inayoelekea Rutshuru. Mwaka 2008 ilikuwa na kambi za wakimbizi wa ndani. Agosti 2013 ikawa uwanja wa mapigano kati ya M23 na jeshi la serikali lililosaidiwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa. Mei 2021 volkano ililipuka na lava ikaikata barabara hiyo. Januari 2025 M23 iliiteka Goma, na umeme na maji vikakatika sehemu kubwa ya mji.

Katika hali hiyo, simu inaweza kuona hatua zimepungua na kudhani ugonjwa umezidi, kumbe mtu alikuwa amebeba dumu la maji juu ya mawe ya lava, au alikuwa amejificha ndani kwa siku tatu. Na taarifa za afya zilizo kwenye simu inayoweza kuibwa au kukaguliwa njiani si siri tena.

Kenya ilionyesha njia rahisi zaidi. Katika utafiti wa WelTel, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet, wagonjwa wa HIV walitumiwa kila wiki ujumbe mfupi: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walisema wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa. Simu ya kawaida ilitosha, kwa kuwa upande wa pili palikuwa na mtu.

Mpango wa namna hiyo ungewafaa pia wenye MS, kifafa au waliopooza baada ya kiharusi Kibati: maswali mafupi kwa Kiswahili, daftari la akiba chaji inapoisha, na muuguzi mwenye mamlaka ya kumpeleka mgonjwa Goma.

Dawa ndizo mtihani wa mwisho. Mwaka 2023 WHO iliingiza kwa mara ya kwanza dawa za MS katika orodha yake ya dawa muhimu, ikiwemo rituximab. Kuwa kwenye orodha, hata hivyo, hakuzifikishi dawa kwenye rafu ya kituo cha afya. Zisipofika, programu itabaki kumwonyesha mgonjwa, siku baada ya siku, jinsi miguu yake inavyozidi kudhoofika.